Namba za Simu za Kuazima na Usalama wa Chama



Wapo makatibu ambao, wanapokifungulia chama akaunti katika intaneti, hutumia namba za simu za kuazima mtandaoni, zisizo na laini, kupokelea tarakimu za uthibitisho. Jambo hili ni la hatari. Namba za bure hutumiwa na watu wengi, na ujumbe wake husomwa na yeyote. Za kulipia nazo, muda ukiisha, hupewa mwingine. Huyo akiomba neno jipya la siri, tarakimu zitamfikia yeye, na chama kitafungiwa nje ya vitabu vyake.

Basi tumieni laini iliyosajiliwa kwa jina la chama. Katibu akiondoka, aikabidhi kwa maandishi pamoja na mhuri na funguo.