Je, Huruma Nayo Inasomewa Chuoni?



Katika barua ya mwaliko niliombwa nieleze mafunzo ya ustawi wa jamii na faida zake kwa vijana. Hata hivyo, kabla sijaketi nimekwisha kusikia kwamba jambo lenyewe ni zito zaidi. Yuko kijana wa parokia hii aliyeomba achangiwe karo ya chuo, na baadhi yetu wameuliza: je, huruma nayo inasomewa? Mama zetu wa WAWATA wametembelea wagonjwa na kulea yatima miaka yote hii bila cheti chochote. Kwa nini fedha za waumini zitumike kumfundisha mtu kutenda lile ambalo Mkristo hulitenda kwa imani yake?

Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Naomba nianze kulijibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa katika ofisi moja ya wilaya kwa mafunzo ya vitendo. Siku moja alikuja mama mwenye mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa akimpiga. Alinieleza mengi, na katika maelezo yake akanidokezea kwamba alikuwa akiweka fedha kidogo kidogo kwa jirani, ili siku moja apate nauli ya kurudi kwao. Nilimwonea huruma kweli kweli. Usiku ule sikulala. Kesho yake, pasipo kumwuliza mtu yeyote, nilimwita yule mume na kumkemea. Ili aone jinsi mkewe alivyochoka, nikamwambia kwamba mwenzake alikuwa tayari akijiandaa kuondoka. Jioni ile fedha zilichukuliwa kwa jirani, na mama yule akafukuzwa usiku pamoja na mtoto wake.

Msimamizi wangu hakunifokea. Alinipa karatasi, akaniagiza niandike jambo moja tu: huyu mama aliomba nini? Nilikaa mbele ya karatasi ile mchana kutwa. Mama yule alikuwa ameuliza njia ya kulifikia baraza la usuluhishi wa ndoa, basi. Mimi sikumsikia, maana nilikuwa nimeshughulika na uchungu wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, siku ile sikupungukiwa na huruma. Nilipungukiwa na ujuzi wa kuiongoza huruma hiyo, na aliyelipa gharama ya upungufu wangu ni mtu mwingine.

Mwalimu mmoja mashuhuri wa kazi hii alikuwa padre Mjesuiti wa Marekani, Felix Biestek, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Loyola huko Chicago. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza misingi 7 ya uhusiano kati ya mtoa huduma na mhudumiwa, na hadi leo wanafunzi wa fani hii huifundishwa. Kila mtu atazamwe kwa nafsi yake, asichukuliwe kuwa mfano tu wa shida fulani. Aachwe aonyeshe hisia zake. Mtoa huduma naye azitawale hisia zake. Mhudumiwa apokelewe alivyo, asihukumiwe, aachiwe haki ya kuamua mambo yake, na siri yake itunzwe. Mkihesabu makosa yangu ya siku mbili zile, mtaona kwamba katika misingi hiyo nilivunja isiyopungua mitatu.

Huo wa kutohukumu ndio unaotushinda zaidi sisi watu wa kanisani. Binti aliyepata mimba akiwa shuleni akija kwetu, hupewa mahubiri kwanza na chakula baadaye. Nasema hivi kwa upendo, kwa kuwa nami nimewahi kuhubiri.

Kazi hii ilianza kusomewa rasmi zamani kidogo. Mwaka 1898, huko New York, yaliendeshwa mafunzo ya kwanza ya kiangazi kwa watu waliokuwa wakitembelea maskini kwa niaba ya vyama vya hisani. Nao walikuwa watu wema, waliotambua kwamba wema wao ulikuwa ukikosea njia. Hapa Tanzania, Bunge lilipitisha mwaka 1973 sheria ya kuanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii. Ndicho kinachojulikana leo kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Siku hizi viko pia vyuo vikuu na vyuo vingine vinavyotoa mafunzo hayo, tangu ngazi ya cheti na stashahada hadi shahada. Kijana aliyemaliza kidato cha 4 na kupata ufaulu unaotakiwa huweza kuanza na cheti, kisha akapanda ngazi.

Watu wengi huchanganya kazi hii na ile ya maendeleo ya jamii. Ni ndugu, lakini si pacha. Afisa maendeleo ya jamii huhamasisha kijiji kizima: vikundi, miradi, kisima, zahanati. Afisa ustawi wa jamii hushughulika zaidi na mtu au familia iliyokwama: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, wanandoa wanaogombania matunzo ya watoto, kijana aliyefikishwa mahakamani.

Darasani mwanafunzi husoma makuzi ya binadamu, saikolojia, sosholojia, sheria, unasihi, utafiti na uandishi wa taarifa. Lililo gumu ni mafunzo ya vitendo. Hapo hupelekwa hospitalini, katika makao ya watoto au ofisi ya halmashauri, naye hufanya kazi chini ya msimamizi. Kila mazungumzo na mhudumiwa huyaandika: alisema nini, nilijibu nini, kwa nini nilijibu hivyo. Wanafunzi huichukia sana kazi hiyo ya kuandika. Mimi pia niliichukia, mpaka siku ya karatasi ile.

Sasa niwaeleze mahali ambapo kutokujua kwetu kunaumiza zaidi. Mtoto wa kike anaingiliwa na mtu mzima, mara nyingine mjomba au jirani anayeheshimika. Mama analia, anamwita kiongozi wa jumuiya. Wazee wanakutana jioni. Mtoto anaulizwa na huyu, anaulizwa na yule, anarudia habari ile mbele ya watu 6. Nguo zake zimekwisha kufuliwa. Mwishoni yanakubaliwa malipo fulani ili jina la ukoo lisichafuke, na mwenye kosa anaendelea kupita mlangoni kila asubuhi. Nimeliona jambo hili zaidi ya mara moja, na waliokuwa wamekaa katika vikao hivyo hawakuwa watu wabaya. Walidhani wanaleta amani.

Aliyesoma anajua kwamba hapa hakuna suluhu ya nyumbani. Kosa hilo ni jinai, na tangu mwaka 1998 adhabu za makosa ya kujamiiana zimewekwa kuwa kali sana. Anajua kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, inaagiza manufaa ya mtoto yatangulizwe, na inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo anajua pia mpaka wa ile siri niliyoitaja: siri haitunzwi ili mtoto aendelee kuumizwa. Atampeleka mtoto polisi na hospitalini mapema, kabla ya kuogeshwa na kabla nguo hazijafuliwa. Atahakikisha anahojiwa na watu wachache, waliofundishwa kuzungumza na watoto. Kisha ataendelea kumfuatilia shuleni na nyumbani baada ya kesi, wakati sisi wengine tumekwisha kusahau.

Nisiwapambie mambo. Wahitimu wengi husubiri ajira kwa muda mrefu, na halmashauri nyingi zina maofisa wachache kuliko kata zake. Baadhi ya vitabu vyetu viliandikwa kwa ajili ya miji ya ng'ambo, ambako bibi na shangazi hawaingii katika maamuzi ya nyumba. Mwanafunzi hana budi kuvitafsiri kwa mazingira yetu. Wapo pia waliosoma, wakapata vyeti, wakawa wakavu kama karatasi za vyeti hivyo. Kwa hiyo nawasihi wazazi: msimpeleke mtoto katika fani hii kwa sababu tu amekosa nafasi ya ualimu au uuguzi. Asiyeweza kumsikiliza mtu kwa nusu saa bila kumkatiza atateseka, na atawatesa wengine.

Kuhusu ombi lililo mezani, mimi si mwanahalmashauri, kwa hiyo sitawaamulia. Naomba tu msimhoji kijana huyo juu ya alama zake peke yake. Mwulizeni amewahi kumsaidia nani, na mambo yalikwendaje yalipokwenda vibaya. Mkiona inafaa kumchangia, patanane naye kwamba wakati wa likizo atawafundisha viongozi wa jumuiya namna ya kumpokea mtu mwenye shida, na ni kesi zipi wasizimalize wenyewe. Hata kabla hajahitimu, andikeni kwenye ubao wa matangazo jina la ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yetu na mahali ilipo, pamoja na namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Nimeombwa nibaki baada ya kikao kwa ajili ya maswali. Walio na jambo la faragha watanikuta katika chumba kidogo nyuma ya sakristia, mmoja mmoja, na mlango utafungwa.