Rangi ya Kwanza Ndiyo Ishikayo Nyumba

Mara nyingi mwenye nyumba hununua rangi nzuri, akamlipa fundi, na paa likang'aa; kisha kabla mwaka haujapita rangi hubanduka kama maganda ya kitunguu. Hapo hulaumiwa duka. Lakini aghalabu kosa limo chini ya rangi yenyewe.

Bati jipya limevikwa zinki ili lisishikwe na kutu. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya zinki tupu, mafuta yale hugeuka polepole yakawa kama sabuni, nayo rangi hukosa pa kushika. Ni jambo lile lile walijualo wapishi wa sabuni, watiao magadi katika mafuta. Plasta mbichi ya saruji nayo ina ukali kama wa magadi, tena ina maji ndani. Kwa hiyo ukuta mpya huachwa ukauke majuma manne, na penye baridi na ukungu, kama Limuru, zaidi ya hayo.

Ndiyo sababu hupakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikamanisha. Wala praima si moja kwa kila kitu. Bati lataka ile iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Asiyeipata ni heri aliache bati lake lipigwe na jua na mvua miezi sita au mwaka. Plasta yataka ile isiyoharibiwa na ukali wa saruji. Mbao hupakwa pande zote, hasa ncha zilizokatwa, maana ndizo zinywazo maji zaidi.

Kwanza kitu kisafishwe. Bati jipya lina mafuta membamba ya kiwandani. Lioshwe kwa sabuni na kusuuzwa. Pwani, bati kuukuu lioshwe kwa maji matamu, kwani chumvi iliyofunikwa na rangi huendelea kula chuma chini kwa chini.

Jambo moja ni la hatari. Zamani praima nyekundu ya chuma ilitiwa risasi, na rangi nyingi za milango vivyo hivyo. Vumbi lake hudhuru akili za watoto, na Shirika la Afya Ulimwenguni limesema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Basi rangi kuukuu isikwanguliwe kavu wala kuchomwa moto. Ilowanishwe, isuguliwe kwa msasa wa maji, watoto wakiwa mbali, na uchafu wake uzolewe wote, hata ule ulioangukia mchanga wa uani wanapochezea.