Ndege kuukuu ya fundi wa Bunda

Juma lililopita nilisimama Bunda kuziba pancha. Kijana fundi alipotambua sauti yangu, aliliacha tairi akaniuliza: "Mzee, hizi ndege ndogo za zamani, mtu hawezi kununua moja akaigeuza iwe ya porini, ibebe watu wanne?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Mwaka mmoja wakati wa masika shangazi yangu alizidiwa huko ndani Butiama. Gari tulilokodi lilizama kwenye tope mpaka ekseli, na tulipofika Musoma kulikuwa kumekucha na shangazi ameshakata roho. Usiku ule hata ingekuja ndege yenye umri sawa na wangu, ningeipokea kwa mikono miwili.

Basi, jambo lenyewe linawezekana, na kwa wenzetu wa Alaska limefanyika mara nyingi. Chukua Piper Tri-Pacer, ndege ya Kimarekani ya miaka ya 1950. Mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyofunikwa kitambaa, viti vinne, na gurudumu moja chini ya pua. Gurudumu hilo ndilo ugonjwa wake. Kwenye lami halina neno, lakini likikutana na kichuguu linavunjika, na pangaboi linachota mawe. Kwa hiyo mafundi huling'oa, husogeza miguu miwili mikubwa mbele ya kitovu cha uzito, na huweka kigurudumu kidogo mkiani. Pua inainuka, pangaboi linakaa mbali na ardhi. Wengine huongeza matairi manene na injini ya nguvu za farasi 180 badala ya 150 au 160 za kiwandani. Ubaya wake ni kwamba ndege ya namna hiyo, rubani akizubaa wakati wa kutua, mkia hutaka kutangulia mbele.

Hapo ndipo wengi hufurahi wakasahau mizani. Tri-Pacer hairuhusiwi kuruka ikizidi takriban kilo 900. Yenyewe tupu ni zaidi kidogo ya 500. Jaza mafuta, karibu kilo 100 nyingine. Zinabaki kama 300: watu wazima wanne, na hapo hata kikapu cha sato kiachwe. Kila tairi nene na kila chuma unachoongeza kinakula humo humo. Tena sisi hatuko Pwani. Ziwa letu lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, jua likiwaka, hewa ni nyepesi. Injini inapungua nguvu, mabawa yanashika kidogo, na kiwanja kilichotosha alfajiri hakitoshi tena.

Ndege ya porini si ngeni kwetu. Desemba 1957 Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliondoka Ujerumani na Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, wakaja kuhesabu wanyama wa Serengeti, ambayo upande wake wa magharibi unakaribia Bunda. Ile haikugeuzwa, iliundwa tangu mwanzo kutua na kuruka pafupi. Hata hivyo, tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael, mwenye miaka 24, alikufa, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Naitaja habari hii kwa sababu kijana yule alikuwa anadhani hatari yote iko kwenye vyuma.

Nikirudi Jumanne nilipita kwake. Nilimwambia ndege yenye herufi za 5H haibadilishwi kwa ujuzi wa gereji: michoro lazima ikubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kazi isainiwe na mhandisi mwenye leseni. Nilidhani atanuna. Akauliza kama machela inaingia. Nikamjibu, ukitoa kiti cha nyuma pengine: rubani, mgonjwa, na muuguzi mmoja mwembamba. "Basi watatu wanatosha," akasema, na akataka kujua ufundi huo unasomwa wapi. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Alikikunja, akakitia mfukoni, akarudi kwenye tairi la lori lililokuwa linamsubiri.