DARAJA LA ZAMANI LIBAKI LA WATEMBEA KWA MIGUU NA BAISKELI



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye kikao cha tawi Jumapili. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua, kwa hiyo tunawatumia yote hapa.

Hoja ni moja. Kata yetu inaomba daraja jipya, na kikaoni likaulizwa swali: jipya likijengwa, la zamani libomolewe? Tawi linasema libaki. Lifungwe kwa magari, bajaji na pikipiki, wapite watu kwa miguu na baiskeli.

Tunajua tunaishi wapi. Themi, Naura, Kijenge na Burka ni maji ya Mlima Meru. Mvua ikinyesha juu, mto unajaa huku chini hata kama mjini kuna jua. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji korongoni hapa hapa Arusha, tukazika watoto. Baada ya msiba ule, mahali pa kuvukia si jambo dogo tena.

Angalieni wanaovuka daraja letu asubuhi: watoto wa shule, mama mwenye ndizi kichwani anawahi Kilombero, fundi na baiskeli yake. Daraja ni jembamba. Gari likiingia, wao wanajibana ukingoni.

Wengine wamefanya hivi kabla yetu. Mji wa Chattanooga, Marekani, una daraja la Walnut Street lililofunguliwa 1891. Mwaka 1978 lilifungwa kwa magari kwa sababu ya uchakavu, likakaa hivyo miaka 15 huku wengine wakitaka libomolewe. Wananchi walilipigania na kulichangia, na mwaka 1993 likafunguliwa upya kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Hapa nyumbani, Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2022, lile la Selander halikuvunjwa. Ni kweli Selander bado linapitisha magari. Tunachosema ni kwamba kupata jipya hakutulazimishi kuvunja la zamani.

Ndugu zetu wa bodaboda na bajaji walisimama wakasema tunawazibia riziki. Wana haki ya kusema. Kuzunguka ni mafuta, na abiria haongezi nauli. Rasimu yetu ya kwanza haikuwafikiria, hapo tulikosea. Sasa tumeongeza mambo mawili: la zamani lisifungwe hata siku moja kabla jipya halijaanza kupitisha vyombo, na pawekwe kijiwe cha bodaboda kila upande wa daraja la zamani, abiria akivuka kwa miguu aikute pikipiki inamsubiri.

Kuhusu fedha tuwe wakweli. Kubomoa ni gharama: mashine, mafuta, kusomba kifusi. Kulitunza nako si bure: kingo, taa, kuzibua mitaro kila masika. Tunaomba gharama zote mbili ziwekwe kwenye karatasi moja, kikao cha kata kizione kabla ya kuamua. Na mhandisi wa TARURA akague nguzo kwanza. Akisema halifai hata kwa mtu wa miguu, tutaiondoa hoja yetu wenyewe.

Sasa kazi. Mabalozi wa mashina, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kila shina litoe mtu mmoja wa kukaa darajani kwa zamu na kuhesabu: wa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, gari. Karatasi zimfikie Katibu kabla ya Ijumaa.

Msipunguze bodaboda ili hoja yetu ipendeze. Tukipeleka hesabu ya uongo, tutaumbuka mbele ya kata, na daraja litabomolewa.



Katibu wa Tawi