Choo Kigumu, Bawasiri na Maji ya Kunywa

(Muziki unashuka)

Wazazi wangu, mniwie radhi, maana leo naongea habari za chooni. Afadhali tuiseme redioni kuliko mama atoke damu miezi sita akijificha hata kwa mume wake.

Choo kikiwa kigumu, mtu anajikamua. Akijikamua kila siku, mishipa ya njia ya haja kubwa inavimba, inawasha, inauma, inatoa damu. Hiyo ndiyo bawasiri, wengine mnaiita hemoroidi. Si kulogwa, wala si ugonjwa wa zinaa. Wajawazito wanaipata sana.

Kinacholainisha choo ni nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea ambazo tumbo halisagi. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji hapa Mulago mpaka miaka ya 1960, aliona kwamba bawasiri, iliyojaa kwao Uingereza, ilikuwa adimu kwa wanakijiji wa Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vyao: kwa wanakijiji hao chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi, kwa Waingereza zaidi ya siku tatu. Wanakijiji walikula vyakula vyenye nyuzi nyingi. Sisi leo tunakula posho nyeupe mchana na jioni, na pumba tunawapa nguruwe!

Ukipata unga usiokobolewa, chukua huo. Maharage, sombe, lengalenga ambayo Waganda wanaiita dodo, papai, parachichi, vyote vina nyuzi. Ongeza polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Mwenye hela kidogo atapata famasi maganda ya mbegu ya isabgol. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku: koroga ndani ya glasi nzima ya maji, kunywa hapo hapo kabla haijawa uji mzito, halafu ongeza glasi nyingine. Usiyale makavu, yanaweza kukukaba kooni. Usinywe ukiwa unakwenda kulala. Dawa zako nyingine ziache zipishane nayo saa mbili. Subiri siku mbili, tatu. Haifanyi kazi usiku mmoja.

Sasa maji. Nyuzi bila maji zinazidisha kufunga choo. Najua foleni ya bombani. Najua pia kina mama wanaoacha kunywa tangu saa kumi jioni, ili usiku wasitoke gizani kwenda chooni. Simlaumu mtu. Basi maji yako yanywe mengi asubuhi na mchana. Na haja ikikubana, usiizuie.

Tumbo likivimba, unatapika na hata hewa haitoki, usinywe nyuzi yoyote, kimbilia kituo cha afya. Ukiona damu, nenda ukapimwe, hata kama jirani amekwambia ni bawasiri tu. Damu nyingi, choo cheusi kama lami, au kukonda bila sababu, usingoje kesho. Vituo vya serikali hapa Uganda havitozi pesa. Ukiona aibu mbele ya foleni, mwambie muuguzi, "Naomba tuongee pembeni." Inatosha.

(Muziki)