Yusufu Juu ya Kabati

Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40

  Leo sikuleta habari za watu wakubwa. Nimekuja na habari ya nyumba yangu mwenyewe. Nikiisimulia ninyi mtacheka, nami nitaona haya kidogo. Chekeni tu, lakini msizime redio kabla sijamaliza.

Mwaka wa 2020 tulikuwa tumepanga nyumba mtaani Kihoto, hapa Naivasha, karibu na ziwa. Mimi ni fundi wa kujenga, na pia ni mzee wa kanisa. Mke wangu alikuwa akifunga maua katika shamba moja kando ya ziwa. Mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amepita miaka sabini, alikaa nasi. Tulikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake wa kiume ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa.

Mnaukumbuka mwaka huo. Mwezi wa Machi shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kule Ulaya watu waliacha kununua maua, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya Naivasha wakarudishwa nyumbani, mke wangu akiwa mmoja wao. Kazi ya ujenzi nayo ikasimama. Basi tukajikuta sote watano ndani ya vyumba viwili, usiku na mchana. Hapo ndipo nilipomjua binti yangu vizuri. Nilikuta kwamba nimezaa msomaji.

Sisemi msomaji wa kusomea mtihani. Huyu alisoma kama mbuzi anavyokula, kila kilichokuwa mbele yake. Alisoma maandishi ya pakiti ya chumvi. Alisoma karatasi ya dawa ya bibi yake, na madhara yake yote, hata mama yangu akakataa kuimeza. Siku moja nilimtuma dukani kununua mandazi. Yalikuwa yamefungwa katika kipande cha gazeti. Tulipomaliza kula aliniomba shilingi ishirini akanunue mengine. Nikamwuliza, "Bado una njaa?" Akasema, "Hapana, Baba. Habari imekatika katikati, na ukurasa wa pili umebaki dukani."

Ploti yetu ilikuwa na vyoo viwili kwa wapangaji wanane. Binti yangu akiingia na kitabu, watu walipanga foleni nje kama wanaongoja kupiga kura. Mwenye nyumba alikuja kwangu akaniambia kwa upole kwamba choo si maktaba.

Akiachiwa mtoto, alimfunga mgongoni kwa leso na kuendelea kusoma. Siku moja mtoto alinyosha mkono kupita begani pake, akararua ukurasa wa mwisho wa hadithi na kuutafuna. Mke wangu alipoingia alimkuta binti amemkalisha mdogo wake chini, anamwambia huku machozi yakimtoka, "Sasa nieleze wewe, yule mwizi alikamatwa au hakukamatwa?"

Kisha yakaja maharagwe. Wasikilizaji, mwezi ule maharagwe hayakuwa jambo la mzaha. Tulikuwa tukiyahesabu kwa vikombe. Mke wangu alikuwa ametoka kutafuta vibarua vya kufua nguo, nami nilikuwa nimetoka kutafuta chochote. Binti aliachwa kuangalia sufuria juu ya jiko la makaa. Niliporudi, moshi ulikuwa umefika kwa jirani wa tatu, na binti yangu amekaa hatua mbili kutoka jikoni, kichwa ndani ya kitabu. Nikampigia kelele, "Hukusikia harufu?" Akainuka amefadhaika, akasema, "Niliisikia, Baba. Lakini katika kitabu kuna nyumba inaungua. Nilidhani ni hiyo."

Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Tulilala njaa, na mtu mwenye njaa hana masikio. Nilikusanya vitabu vyake vyote, kumi na kimoja, nikavitia katika katoni, nikaifunga kwa kamba ya katani, nikaiweka juu ya kabati. Nikasema, "Kuanzia leo katika nyumba hii ni kazi kwanza. Na sitaki kujibiwa." Hakunijibu.

Siku tatu nyumba ilitulia. Sufuria hazikuungua. Foleni ya choo ikaisha. Nilijisifu moyoni, nikasema, huyo ndiye baba anayetawala nyumba yake vyema.

Siku ya nne jioni mama yangu aliniita kando ya kitanda chake. Akasema, "Mwanangu, Yusufu yumo gerezani siku ya nne leo. Yule mkuu wa wanyweshaji ametoka na kumsahau. Nawe pia umemsahau?"

Nilidhani ni uzee. Nikamwuliza, "Yusufu yupi, Mama?"

Akanionyesha kwa mkono juu ya kabati.

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo kila mtu katika ploti ile alilijua isipokuwa mimi. Mama yangu hakujua kusoma. Alipokuwa msichana, ada ilitosha kaka zake tu. Maisha yake yote Neno la Mungu alilipata kwa masikio, kanisani. Na mwaka ule makanisa yalikuwa yamefungwa. Hata yalipofunguliwa mwezi wa Julai, ilikuwa kwa masharti. Waliopita miaka hamsini na minane hawakuruhusiwa kuingia, wala watoto wa chini ya miaka kumi na mitatu. Tazameni jambo hilo. Katika nyumba yangu kulikuwa na waliozuiwa mlangoni, mzee na mtoto. Nami nilikwenda ibadani na Biblia yangu kubwa kwapani, wao wakabaki.

Kumbe kila alasiri, sisi tukiwa nje, mtoto alikuwa akimsomea bibi yake. Walikuwa wameanza Mwanzo, sura ya kwanza. Siku ya maharagwe walikuwa wamefika pale Yusufu alipoachwa gerezani. Nilipokusanya vile vitabu kumi na kimoja kwa hasira, sikutazama. Kimoja kilikuwa Biblia yake ndogo iliyotoka jalada. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nimelifunga Neno la Mungu kwa kamba ya katani nikaliweka juu ya kabati pamoja na masufuria yasiyotumika.

Nikamgeukia binti. "Mbona hukuniambia?"

Akatazama chini. "Ulisema hutaki kujibiwa, Baba."

Niliipanda stuli nikaishusha ile katoni. Fundo nililolifunga kwa hasira lilinishinda kufungua, ikabidi nitafute kisu. Jioni ile tulikaa wote, tukasomewa mpaka Yusufu akatoka gerezani, akanyolewa, akavikwa nguo safi na kusimama mbele ya Farao. Mama yangu alipiga makofi kama anayesikia habari ya mwanawe mwenyewe.

Ndugu zangu, wazee wetu walijua jambo hili kuliko sisi. Katika nchi ya Wakikuyu, watu wa kwanza walioandamana na misheni waliitwa athomi, yaani wasomaji. Uganda waliitwa abasomi. Hawakuitwa kwanza kwa jina la kanisa wala kwa jina la mmishonari. Waliitwa kwa kazi ambayo majirani waliwaona wakiifanya. Wamekaa na kitabu, wanasoma. Sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya, kwenda kanisani kulisemwa kuwa ni kwenda kusoma. Basi mama yangu alipomwita mjukuu wake muthomi, hakuwa akimtania. Alikuwa akimpa jina la heshima.

Na hapa katika Bonde la Ufa tumemwona mzee Kimani Maruge. Mwezi wa Januari mwaka wa 2004, akiwa na miaka themanini na minne, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Masomo ya bure yalikuwa yametangazwa mwaka uliotangulia. Mojawapo ya sababu alizotoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alifariki mwaka wa 2009. Fikirini mzee yule alivyokaa miaka themanini akiingoja herufi ya kwanza. Halafu fikirini mimi, niliyepewa msomaji bure ndani ya nyumba, nikamfungia vitabu kwa ajili ya sufuria moja.

Lakini sitaki vijana wanaonisikiliza wafurahi mapema mno. Maharagwe yaliungua kweli. Familia ililala njaa kweli. Kitabu kinaweza kuwa mlango wa kutokea, na kinaweza kuwa ukuta wa kujificha. Katika somo letu la leo yumo mtu mkubwa wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia, aliyekuwa garini njiani kutoka Yerusalemu akisoma chuo cha nabii Isaya. Filipo alipokaribia alimsikia akisoma. Angalieni hapo: alimsikia. Yule towashi alikuwa akisoma kwa sauti. Kama angalisoma kimya, labda Filipo angalipita tu. Tena alipoulizwa kama anaelewa, hakukasirika kwa kukatizwa. Aliinua uso, akakiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akamkaribisha garini wakaketi pamoja. Hivyo ndivyo msomaji mwema alivyo. Anasoma kwa bidii, lakini akiitwa, anaitika.

Nami nimekwisha kusema binti yangu alipojifunza kuitika. Sikumfundisha mimi. Alijifunza kando ya kitanda cha bibi yake.

Nimalizie kwa habari moja zaidi. Mwaka ule ule ziwa la Naivasha lilipanda. Mnaokaa hapa mnajua; hata mwaka wa 2025 lilirudi tena Kihoto na kuwatoa watu wengi katika nyumba zao. Usiku mmoja tuliamka tukakuta maji yamepita kizingiti. Kila mtu alishika kile alichokiona cha thamani. Mimi nilibeba godoro. Mke wangu alimbeba mtoto na sufuria. Tulipofika mahali pakavu nikahesabu watu, nikamwona binti yangu anakuja polepole gizani, amemshika bibi yake mkono, anamwonyesha pa kukanyaga. Hakubeba kitabu hata kimoja. Ile Biblia ndogo tu ndiyo iliyokuwapo, nayo ilikuwa imefungwa ndani ya leso ya mama yangu.

Nikamwuliza, "Na vitabu vyako?"

Akasema, "Vitabu nitaazima, Baba. Cucu nitamwazima wapi?"

Wasikilizaji, niliweka godoro chini nikarudi. Maji yalikuwa yamefika magotini, na tulikuwa tumesikia kwamba viboko wanatembea usiku katikati ya nyumba. Kwa kweli niliogopa. Lakini niliingia, nikanyosha mkono, na ile katoni ilikuwa mahali pake, kavu kabisa, juu ya kabati. Kabati lile lile la adhabu ndilo lililoviokoa vitabu vyote kumi. Niliitoa nje nimeiweka kichwani kama mwanamke anayetoka kisimani, na majirani wakasema, "Mzee, umeacha redio umebeba karatasi?" Nikawaambia, "Ndiyo."

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, naye amekaribia mwisho wa safari yake, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake. Mwili uliona baridi, akataka joho. Moyo nao ulikuwa na haja yake, akataka vitabu. Vyote viwili vimo katika mstari mmoja, wala hakuona haya kuviomba pamoja. Maharagwe na kitabu havikuumbwa kuwa maadui.

Basi wewe mzazi, jioni ya leo kabla ya kumkemea msomaji wako, mwulize amefika wapi, umwambie asome kwa sauti. Na wewe kijana, angalia ni nani katika nyumba yenu asiyeweza kusoma, au ambaye macho yake yamechoka. Usimwache Yusufu wake gerezani hata siku nne. Lakini kwanza geuza sufuria.

Na tuombe. Baba yetu, tunakushukuru kwa Neno lako, na kwa kila mtoto anayeinamia kitabu. Utusamehe sisi wazazi tunaofunga kwa hasira vitu tusivyovitazama. Uwape vijana wetu macho ya kusoma na masikio ya kuitika. Uwakumbuke waliotolewa katika nyumba zao na maji, na wazee wanaongoja mtu wa kuwasomea. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, na siku njema.