Jasho la Fundi Nalo Ni Mtaji



Hapa Mwamanyili, wilayani Busega, tunalima pamba lakini nguo tunanunua dukani. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, ikishachambuliwa, huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi. Kwa hiyo hata mama anayetengeneza batiki huanza kwa kununua: kitambaa, rangi, nta na kostiki.

Je, batiki hiyo inamlipa? Kila ninapouliza, najibiwa kwamba shida ni mikopo. Mimi naona shida huanzia kwenye hesabu.

Tuchukue mfano. Kitambaa na dawa vimegharimu shilingi 17,000. Batiki inauzwa shilingi 20,000. Tunasema faida ni 3,000. La hasha! Toa kuni, toa nauli ya kwenda kufuata rangi mjini. Kinachobaki ni ujira wa siku nzima ya kuinama juu ya moto na ndoo. Huo si ujira. Mama huyo anaifadhili biashara yake kwa jasho, na mtoto akiugua, atachomoa fedha ya kitambaa. Hapo ndipo mtaji unapokufa.

Ufundi peke yake hauokoi biashara. Wafipa wa Rukwa walikuwa mafundi hodari wa kufuma nguo za pamba kwa mikono, lakini vitambaa rahisi vya ng'ambo viliwashinda kwa bei.

Mikopo ipo. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Ni jambo jema. Lakini deni lisilo na riba bado ni deni, na anayeuza kwa hasara akikopeshwa, huongeza hasara.

Tena fedha za pamba huingia vijijini katikati ya mwaka. Ikifika Januari, watu wanawaza chakula na mahitaji ya shule, wakati rejesho halingoji msimu.

Basi, kina mama, kabla ya fomu ya mkopo, nunueni daftari. Andikeni kila senti na kila siku ya kazi. Nunueni kitambaa kwa pamoja. Wekeni akiba wakati wa pamba. Na mteja akiomba bei iliyo chini ya jasho lenu, mwambieni hapana, kwa heshima.

Hadi juma lijalo, kwaherini.